Kila Mtu Achomoe Mishale Yake

Wenzangu mnaofundisha sasa, mmeniomba niandike jinsi darasa la wanawake lilivyoanza, "kabla hujasahau, Teacha." Nashukuru kwa imani yenu juu ya akili yangu. Nimestaafu, sijafa. Niko kwetu Kitui nafuga kuku, na tofauti na ninyi, kuku hunisikiliza nikiwaita. Alasiri nina nafasi, kwa hiyo nitaandika, na atakayechoka kusoma shauri yake.

Vyeo na mishahara nitavipita. Walionipandisha cheo walinipandisha kwa mdomo, na kuhusu mishahara sina la kuongeza juu ya yale tuliyokuwa tukisema pamoja kwenye basi la kampuni.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Mimi ni Mkenya, natoka nchi ambayo kuwinda kumepigwa marufuku tangu nikiwa mtoto. Niliajiriwa Dubai, ambako pia huwezi kutoka tu na upinde wako ukaenda kuwinda, ili niwafundishe uwindaji wanawake ambao wengi wao hawajawahi kumkamata kuku aliye hai. Darasa lilikuwa ndani ya godauni huko Al Quoz, katikati ya gereji ya malori na ghala la vigae, na wanyama wetu walikuwa wa sponji ngumu. Pori pengine lilikuwepo, lakini basi la kampuni halikufika huko.

Nilifika hapo kama askari wa getini. Kwetu nilikuwa nimesomea ualimu wa michezo, nikangoja kuajiriwa hadi raba zangu zikaisha soli, ndipo ajenti mmoja wa Nairobi akanipatia kazi ya ulinzi. Nikawa nakaa getini kwenye klabu ya wapiga upinde, naandika namba za magari na kuwaambia wageni kwamba choo ni upande ule. Klabu ilikuwa ya wanaume watupu. Mwenyewe aliitwa Sir Khalid, kijana wa Kiarabu mwenye moyo mzuri na subira fupi. Babu zake walitoka Unguja, lakini yeye alizaliwa Dubai na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyelelewa na shangazi: njoo, kula, lala; mengine aliyasema kwa Kiingereza.

Siku moja akasimama mbele ya meza yangu ya getini, akaniangalia kama mtu anayepima kabati.

"Nduku, wewe Mwafrika?"

"Ndiyo, sir. Tangu nizaliwe."

"Babu yako alikuwa na upinde?"

"Alikuwa nao, sir."

"Khalas. Mwezi ujao wewe ni mwalimu wa wanawake. Yalla."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu: khalas, yaani basi, na yalla, yaani haya twende. Ni kweli babu yangu alikuwa na upinde. Ulining'inia juu ya mlango wake, na mwanamke hakuruhusiwa kuugusa wala kuuruka ukiwa umelazwa chini. Baba yangu alikuwa karani wa posta, na kitu pekee alichowahi kulenga maishani ni stempu. Lakini wiki hiyohiyo bango likabandikwa mlangoni: BINTI WA WAWINDAJI WA AFRIKA ATAKUFUNDISHA. Kwenye picha nimevalishwa mtandio wa madoa ya chui ulionunuliwa sokoni Deira, na chini yake bado inaonekana suruali yangu ya uaskari. Bango hilo msilitafute, nililichoma mwenyewe.

Aliyenifanya mwalimu kweli ni Kesang. Alikuwa fundi wa pinde wa klabu, mtu wa makamo kutoka Bhutan, nchi ndogo ya milimani ambako upinde ni mchezo wa kila kijiji. Karakana yake ilikuwa nyuma ya godauni. Nilimwendea jioni ya kwanza nikamweleza nimeambiwa nifundishe. Alicheka hadi akaweka bisibisi chini.

"Dada, kwetu mwanamke hagusi upinde wa mashindano. Mama yangu akiniona nakupa huu, sina tena nyumba ya kurudi."

"Na babu yangu atafufuka anichape," nikamwambia.

Basi tukaanza hivyo, watu wawili waliokatazwa, tukizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kihindi cha sokoni ambacho kila mtu Dubai hukijua bila kusomea. Alinifanya nivute ugwe, ile kamba ya upinde, na kuurudisha polepole, vuta na kurudisha, jioni baada ya jioni, hadi nikaota mabega. Alinifundisha kuupaka ugwe nta kabla haujaanza kuota manyoya. Alinifundisha kwamba upinde haufyatuliwi bila mshale, kwa sababu nguvu yote inayopaswa kwenda na mshale hurudi mkononi mwako. Hilo najua mnawaambia wanafunzi, na najua hawasikii. Wa kwangu hawakusikia pia, na upinde mmoja wa bei kali ulipasuka mikononi mwa bibi mmoja aliyetaka tu "kuujaribu sauti."

Sauti hasa ndiyo iliyokuwa elimu ya Kesang. Alikuwa akifunga macho mimi nikipiga, kisha ananiambia nimelegeza kiwiko au ugwe umelegea. Mwanzoni nilidhani ananifanyia uganga. Baadaye nami nikaanza kusikia.

Na alinipa sheria moja ambayo nimeishi nayo: kila mtu achomoe mishale yake mwenyewe. Mpigaji lazima atembee hadi mwisho wa ukumbi, aone kwa macho yake mshale umeingia wapi, autoe kwa mkono wake. Mwindaji asiyejua mshale wake umekwenda wapi ni mtu hatari, alisema, na wala si kwa wanyama peke yao. Niliiandika sheria hiyo kwa herufi kubwa ukutani, na kila mtu aliisifu.

Siku ya kwanza ya darasa godauni lilinukia udi na manukato hadi gereji ya jirani walikuja kuuliza kuna harusi ya nani. Pazia zito lilikuwa limetundikwa kugawa ukumbi, kwa kuwa wakati wa wanawake mwanamume haruhusiwi ndani. Kesang alibaki upande wa pili na vifaa vyake, na kila kilichoharibika nilikitengeneza mimi kwa maelekezo ya kupitia pazia.

Wanyama wetu walikuwa wanne. Swala alikuwa mzima. Dubu alikuja kwa makosa ya muuzaji. Mbuzi wa milimani alivunjika pembe njiani. Wa nne alikuwa nguruwe pori, na hapo Sir Khalid akashika kichwa, maana hakutaka nguruwe, hata wa sponji, mbele ya shangazi zake. Akaamuru akatwe masikio na apakwe rangi ya kijivu, na tangu siku hiyo tukamtambulisha kwa wageni kama kifaru mtoto. Hakuna aliyeuliza.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo Madam Claire, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye mnara mmoja mpya wa Jumeirah Lake Towers, ule ambao lifti yake ilikuwa bado na plastiki ukutani. Yeye alikuwa ametazama video nyingi kabla ya kuja, hivyo alinisahihisha sana. Alikuwa pia hali nyama. Nilipomuuliza kwa nini basi anajifunza kuwinda, aliniambia anapenda falsafa yake. Mimi nikampa upinde. Falsafa ilimchapa ugwe kwenye mkono wa kushoto, ikamwachia alama ya zambarau toka kiwiko hadi kiganja, na kuanzia hapo akaanza kuvaa kinga ya mkono nilipomwambia.

Mabaibui yalikuwa shida nyingine. Mkono mpana wa baibui hunaswa na ugwe, na mshale huenda unakotaka. Tulijaribu pini, tukajaribu mpira. Aliyetatua ni Bi. Zuwena, ambaye alikuja na kanga kuukuu akazikata vipande, kila mwanamke akafungwa mkono wake kwa kipande chenye nusu ya methali.

Bi. Zuwena ndiye sababu ya darasa lenyewe. Alikuwa shangazi yake Sir Khalid, aliyemlea. Alikuwa ameshapita miaka sitini, mjane, anakaa Deira katika nyumba ambayo Kiunguja kilisemwa kama hakijawahi kupanda ndege. Siku ya kwanza alichelewa. Aliingia taratibu, nyuma yake mkwewe Nasra, mke wa mwanawe, amebeba mkoba, kiti, birika la kahawa na tende.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe mwalimu? Mbona mwembamba hivyo, huyu Khalid anakulisheni kweli?"

Nikampenda papo hapo. Kila wiki aliniulizia mama yangu kwa jina, na nilipokuwa na mafua alinipondea dawa ya tangawizi iliyonitoa machozi.

Alinieleza kilichomleta. Marehemu mumewe alikuwa akienda Afrika Kusini kuwinda kila mwaka na shemeji zake.

"Na kila mwaka mie namwambia, nichukue. Ananambia, 'Mwakani, mke wangu.' Basi mwakani hiyo kaenda nayo kaburini. Sasa kaka zangu wanakwenda, na mie nakwenda. Nataka kuiona hiyo mwakani kwa macho yangu."

Mwenye shamba la huko alikuwa na sharti moja. Anayetaka kuwinda kwa upinde aje na cheti, na cheti kiwe na saini ya mwalimu wake. Mwalimu huyo, Mungu anisaidie, nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza huwa tunapima jicho. Mnajua: unatengeneza tundu kwa viganja, unatazama kitu cha mbali, unafumba jicho moja moja, ndipo unajua jicho lipi ndilo la kulengea na uvutie mkono gani. Bi. Zuwena alikuwa amechelewa, kila mtu keshapimwa, na Nasra akasema, "Mama ni mtu wa kulia, Teacha, asisumbuliwe." Ukimsumbua mtu mzima kama yule, nyumba nzima itakuuliza umelelewa wapi. Akapewa upinde wa kulia, mlaini kupita wote, na akafundishwa kufumba jicho la kushoto.

Na sasa ile sheria yangu ya ukutani. Mara ya kwanza tulipomaliza kupiga nikasema, haya, kila mtu akachomoe mishale yake. Bi. Zuwena akashika magoti ainuke kitini. Kabla hajanyooka, Nasra alikuwa ameshafika mwisho wa ukumbi anakusanya.

"Nasra, sheria," nikasema.

Wakanigeukia wote. "Teacha! Bibi aende mwenyewe na sisi tupo?" Mmoja aliguna kama nimetukana. Ninyi niambieni mngefanya nini. Kwetu hata kikombe mtu mzima hajifuatii, sembuse mshale. Basi ikawa desturi. Bi. Zuwena anapiga, kijana anakimbia, mishale inarudi, anaambiwa, "Masha Allah Bibi, miwili imeingia!" na makofi yanapigwa. Wasichana walianza kushindana nani atamkimbilia. Madam Claire naye akaiga, akajifunza kusema "Shikamoo, Bibi," akaipenda sana, akamwamkia hivyo hata fundi umeme. Mimi nilikuwa na wanafunzi wengine wa kuzuia wasijitoboe, na kwa umbali ule, kwa taa zile, mshale ukiwa umeingia au haukuingia huonekana vilevile. Nikafurahi kwamba Bibi anaendelea vizuri.

Kozi ilipokaribia kwisha nikapeleka ugwe uliochakaa karakana. Kesang aliendelea kupaka nta, kisha akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Dada, humo ndani kuna mtu mwenye upinde mlaini, anapiga polepole. Ni nani?"

"Bi. Zuwena. Kwa nini?"

"Mshale ukiingia kwenye sponji, unasema duf. Ukipita ukaenda kwenye wavu wa nyuma, unasema chwaa. Huyo mama ni chwaa, chwaa, chwaa, tangu mwezi ulipoanza. Kisha nasikia makofi. Huwa mnasherehekea nini?"

Kipindi kilichofuata nikasimama karibu na wanyama badala ya mstarini. Bi. Zuwena alivuta vizuri, mkono umetulia, akaachia, na mishale yote ikampita swala kwa upana wa mlango na kuning'inia wavuni. Nasra akaja mbio, akaikusanya, akanikuta nimesimama. Akainamisha macho, akarudi kwa mkwewe. "Mitatu leo, Mama!"

Nilimngoja Nasra nje, kwenye mabomba ya kutawadhia.

"Unamdanganya," nikamwambia.

"Teacha, kwani ulitaka nimwambie nini? Yule mama mkwe wangu. Nyumbani akitia chumvi mara mbili tunakula, tunaomba tuongezwe. Dereva akiambiwa apite kushoto na njia ni kulia, anapita kushoto, anazunguka. Nianze mimi?"

"Na huko Afrika Kusini nani atamkimbilia?"

Akawaza. "Labda hataona mnyama," akasema, na macho yakamjaa machozi, maana si mtu mbaya.

Nikaenda kwa Sir Khalid. Nilimweleza polepole, kwa heshima zote, kwamba shangazi yake hapati shabaha. Alinisikiliza huku akibonyeza simu.

"Nduku. Yule ndiye aliyenilea. Amekaa na msiba miaka miwili, sasa anacheka. Wewe sign tu."

"Sir, akimjeruhi mnyama? Akimpiga mtu?"

"Kaka zake watakuwepo. Sign, khalas. Au unataka kurudi kwenu? Visa yako iko droo hii."

Akaigusa droo, nisije nikakosea ni ipi. Nikamwambia inshallah, neno ambalo ukilisema vizuri bosi hulichukua kama ndiyo.

Niliogopa, siwafichi. Kesang naye hakunisaidia. Nilipomuuliza afanyeje mtu kama mimi, alisema tu, "Huko hakuna wavu, dada," akaendelea na kazi yake.

Siku ya mtihani wakaja wamependeza kama Idi. Kila mmoja alipewa mishale mitano, na ili upite lazima minne iingie mahali pa moyo na mapafu ya swala. Wengine walipiga, wakachomoa, wakapita au wakashindwa. Madam Claire alipita, akalia kwa huruma ya swala wa sponji. Akabaki Bi. Zuwena. Akapiga mitano. Nami, sikio likiwa limeshafunguka, nikasikia chwaa mara tano.

Nasra akachomoka. Nikamzuia kwa mkono.

"Leo hakuna anayekimbia."

"Teacha, tafadhali."

"Bibi," nikasema, "twende tukaichomoe."

"Si Nasra yupo?"

"Yupo, Bibi. Leo twende mimi na wewe."

Akanishika mkono tukatembea. Swala alikuwa amesimama msafi. Bi. Zuwena akampapasa ubavu wote, kama mtu anayetafuta kishimo kwenye kitambaa dukani. Kisha akainua macho nyuma yake, akaona mishale wavuni.

"Hii ya nani?"

"Yako, Bibi."

"Na ya juzi, ile mitatu?"

"Ilikuwa wavuni."

"Na ya mwanzo?"

"Wavuni, Bibi. Yote."

Nilitamani sakafu ile ya saruji inimeze. Kisha akageuka kuelekea mstarini, na sauti yake ikajaza godauni.

"Nasra! Mwezi mzima huu mlikuwa mkinipigia makofi ya nini?"

Madam Claire, ambaye hakuelewa hata neno moja, akapiga makofi.

Bi. Zuwena alitoka bila kuaga, bila kahawa, na kiti chake akakiacha. Kesho yake nikarudishwa getini kuandika namba za magari. Sir Khalid hakunifukuza mara moja. Alisema visa yangu anaifikiria. Nikakaa getini majuma kadhaa, naifikiria mimi pia. Kaka zake Bibi wakasafiri Afrika Kusini bila yeye. Kila nikikumbuka ule mkono ukipapasa ubavu wa swala nilijiambia ningesaini tu, yaishe, mama wa watu aende akafurahi. Halafu nilijiambia hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale getini, ndiyo na hapana, na namba za magari.

Alasiri moja gari likasimama, dirisha likashuka.

"Mbona uko hapa wewe?"

"Ndiyo kazi niliyopewa, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na nani kakupa?" Hakungoja jibu. Akateremka mwenyewe, akaegemea meza yangu. "Nimekwenda kwa daktari. Jicho la kulia limekufa, presha ya jicho, wala hatukujua. Nikiziba hili la kushoto naona ukungu mtupu. Nami nilidhani ndo taa za godauni lenu. Nilidhani ndo kulenga kwenyewe kulivyo!"

"Pole sana, Bibi."

"Kanambia ningekawia kidogo na la pili lingefuata. Sasa natia dawa asubuhi na jioni." Akanitazama kwa hilo jicho moja. "Hebu n'ambie. Mtu wa jicho la kushoto hupigaje?"

"Kwa mkono wa kushoto. Lakini ni kuanza upya, Bibi, kila kitu. Yote uliyojifunza ni ya upande mwingine."

"Niliyojifunza mie ni kupiga wavu. Hayo siyalilii. Na Khalid nitasema naye mimi, nilimfunga nepi yule."

Alisema naye. Sijui walisemaje, mlango ulifungwa, ila Sir Khalid alitoka masikio yakiwa mekundu na kuniambia, "Nduku, darasa Jumapili, yalla," kama vile mimi ndiye niliyechelewa. Kesang akatafuta upinde mwepesi wa mkono wa kushoto, akaufunga ugwe mpya, akausukuma chini ya pazia. Hakuwahi kumwona Bi. Zuwena hata siku moja.

Nimefundisha watu wengi baada yake, na sijaona aliyepata taabu kiasi kile. Mkono wa kushoto haukumjua. Mishale ilidondoka miguuni, mingine ikapanda darini. Ugwe ulimchapa akasema maneno ya Kiunguja ambayo Nasra alikataa kunieleza. Lakini kila raundi ikiisha aliinuka mwenyewe akaenda mwenyewe, na msichana aliyethubutu kusogea aliangaliwa hadi akarudi. Alichukua muda mrefu wavuni, akiitafuta mmoja mmoja kwa mkono. Darasa lote lilingoja, kahawa ikapoa, Madam Claire akajifunza kunyamaza. Siku mshale wa kwanza ulipoingia kwenye sponji, ulimwingia yule kifaru mtoto wakati yeye alikuwa amemlenga swala. Alirudi akatueleza hivyo hivyo, bila kupunguza.

Msimu mwingine wa kuwinda ukakaribia na kaka zake wakaanza kuulizia pasipoti. Tukaweka siku ya mtihani. Sir Khalid alikuja mwenyewe akasimama nyuma ya pazia, tunaona ncha za viatu vyake. Bi. Zuwena akapiga mitano, polepole, na mimi nikasikiliza. Akaenda. Akakaa huko. Akarudi na mishale mkononi, akaketi mbele yangu.

"Nduku!" Sir Khalid akaita. "Khalas? Amepita?"

Bi. Zuwena hakumjibu. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mitatu imeingia," akasema. "Miwili wavuni. Haya, mwalimu."

Nasra alikuwa amefumba macho. Nilijua tikiti imeshakatwa. Nilijua pia kwamba mitatu, kwa jicho moja na mkono wa kuazima, ni kazi ambayo mimi nisingeiweza, na kwamba hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu kwa mshale mmoja.

"Bibi," nikasema, "umeshindwa."

Ncha za viatu nyuma ya pazia zikasogea.

"Sema tena."

"Umeshindwa, Bibi. Sitasaini."

Uso wake wote ukafunguka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tangu kufa mume wangu, hakuna mtu aliyethubutu kunambia hapana."

Akaikaza upya kinga ya mkono, akarudi mstarini.